Bwana Mwinshehe Pazi na Banda la Bati

Assalaam alaikum, ndugu, jamaa na majirani mliofika hapa Kaole leo Jumamosi, tarehe 10 Novemba 1956. Mimi ni Dadi Pazi, mdogo wake marehemu. Nimepewa kazi ya kueleza maisha yake, na nitayaeleza kama alivyotaka yeye.

Marehemu Mwinshehe bin Pazi alizaliwa hapa hapa Kaole tarehe 14 Machi 1911, mtoto wa tatu wa mzee Pazi Mbaruku, mkulima wa minazi, na Bi Mwanamvua. Alihitimu Kurani akiwa na miaka kumi na miwili, kisha akasoma shule ya Serikali Bagamoyo hadi 1928. Mwaka uliofuata alipelekwa Mpwapwa kujifunza kazi ya mifugo, akakaa huko miaka miwili. Aliporudi alikuwa na daftari dogo mfukoni na kipimo cha joto cha kioo. Siku ya kwanza nyumbani alitaka kumwonyesha mama namna ya kumpima mbuzi. Alipokitia kipimo mahali pake, mbuzi akatimka nacho hadi kwa jirani, mama nyuma yake akipiga kelele, "Mwinshehe, mwanangu, umemfanya nini mnyama wa watu?" Kipimo kilipatikana kizima. Mbuzi, kwa kipimo hicho, hakuwa na homa.

Tarehe 3 Agosti 1934 alimwoa Bi Ashatu binti Mwinyimvua wa Mbegani. Mwaka uliofuata walimpata Rehani.

Tarehe 1 Juni 1936 marehemu alitia saini mkataba wa miaka mitatu katika shamba la mzungu mmoja, njia ya Lugoba. Siku zile mtu akiacha kazi kabla ya mkataba kwisha, alishtakiwa na kufungwa. Alikabidhiwa ng'ombe kumi na wawili wa maziwa walioletwa kutoka nchi za baridi. Kwa sababu ya mbung'o, mwenye shamba aliwajengea banda la matofali na bati, madirisha yakazibwa kwa mbao. Mbung'o huuma mchana, kwa hiyo ng'ombe waliingizwa saa mbili asubuhi na kutolewa saa kumi alasiri. Mmoja tu hakukaa humo. Huyo alifungwa kwenye ukumbi wa nyumba ya mwenye shamba, penye upepo na wavu, awape watoto wa bwana huyo maziwa.

Baada ya mwaka, wale kumi na mmoja walibaki mifupa. Maziwa yalipungua hadi robo. Walikaa miezi bila kutaka dume, na wawili waliokuwa na mimba waliziharibu. Marehemu aliwapima kila siku na kuandika katika daftari. Aliona kwamba yule wa ukumbini anakula majani yale yale, anachungwa na watu wale wale, naye anakamuliwa ndoo nzima na ana mimba.

Alikwenda kumwambia mwenye shamba, akajibiwa kwamba maziwa yanaibwa.

"Bwana, hapana anayeiba," marehemu alisema. "Ng'ombe hawa wanapikwa. Tuezue bati, tuezeke makuti, na madirishani tuweke wavu."

"Nani mwenye ng'ombe, wewe au mimi?"

"Ni wewe, bwana."

"Basi utakaa nao, nione kama wataendelea kukauka."

Tangu Septemba 1937, marehemu na mwenzake, Bwana Mtoro, walifungiwa ndani pamoja na ng'ombe, kufuli kwa nje, kutoka saa mbili hadi saa kumi. Wawili hao walipewa debe moja la maji. Marehemu aliniambia kwamba ifikapo saa sita, ng'ombe huacha kucheua, wakatoa ndimi na kuhema kama mbwa, naye alikuwa akihema vivyo hivyo bila kujijua. Aliomba kuvunja mkataba, akakataliwa. Aliomba ruhusa mke wake alipokaribia kujifungua, akakataliwa.

Mwaija alizaliwa Mbegani tarehe 20 Oktoba. Arobaini ilipokwisha, shemeji yangu Ashatu alimchukua mtoto akapanda lori la chumvi hadi shambani. Alifika saa saba mchana, na lori lilikuwa linarudi saa tisa. Mwenye ufunguo alikuwa amekwenda Dar es Salaam, arudi saa kumi. Shemeji alizunguka banda akigonga.

"Baba Rehani! Upo wapi?"

"Nipo hapa, Mama Rehani. Njoo upande wa mlango."

Mlango ulikuwa wa bati, na palikuwa na tundu la msumari. Jua lilikuwa kali na mtoto amefunikwa kanga uso mzima, basi shemeji akaunyanyua mguu wake hadi kwenye tundu. Huo ndio mguu alioutazama marehemu, hadi dereva alipoanza kupiga honi. Uso wa bintiye aliuona mwaka 1939.

Jumanne tarehe 15 Februari 1938, baada ya adhuhuri, ng'ombe mmoja alianguka akafa. Mtoro naye akaanguka juu yake, macho yamegeuka, ngozi kavu. Marehemu alipiga kelele, hakuja mtu. Akang'oa mti wa kihondi, kile kizuizi cha kumbania ng'ombe, akavunja mlango, akamburuta mwenzake hadi kisimani na kummwagia maji hadi alipozinduka. Halafu akarudi akawafungulia ng'ombe wote.

Kwa kuvunja mlango na kuwatoa ng'ombe kwenye mbung'o, alihukumiwa miezi minne jela.

Mwezi Machi ng'ombe mwingine alilala asiinuke tena. Mwenye shamba aliogopa maradhi, akamwita daktari wa mifugo. Daktari alimchinja, kisha akauliza ni nani anayejua habari za mnyama huyo.

Mtoro akamjibu, "Anayejua yuko jela."

Basi marehemu aliletwa na askari, daftari lake likatafutwa. Walimpasua ng'ombe pamoja. Tezi ya shingoni ilikuwa imesinyaa na kupauka. Tezi mbili zinazokaa juu ya figo zilikuwa zimevimba kupita kiasi. Vifuko vya mayai vilikuwa vidogo, vigumu, kama vya ndama. Daktari alimweleza kwamba tezi hizo hutia katika damu vitu vinavyoamuru mwili. Ile ya shingoni huchochea moto wa mwili, na joto la nje likizidi, hupunguza kazi yake ili mnyama asiungue. Maziwa na uzazi hupungua pamoja nayo. Zile za juu ya figo hufanya kazi ya hofu, na mnyama asiye na pa kukimbilia huzitumikisha usiku na mchana.

"Na mtu je?" marehemu aliuliza.

Daktari alimtazama. "Mtu pia ana tezi hizo," alisema.

Alimwandikia mwenye shamba aezeke makuti na kutia wavu, akayanakili maneno ya daftari neno kwa neno. Marehemu akarudishwa jela, akamaliza miezi yake. Alipotoka alirudishwa shambani, kwa kuwa siku za jela ziliongezwa mwishoni mwa mkataba. Ng'ombe tisa waliobaki walikuwa wanakamuliwa vizuri, na watano walikuwa na mimba. Hapana aliyemwomba radhi. Alitoka mwisho wa Septemba 1939.

Kuanzia 1940 alikuwa bwana mifugo wa Serikali, akizunguka kwa miguu kutoka Kaole hadi Lugoba, na wengi wenu hapa amewashauri mabanda yenu yaelekee wapi. Mwaka 1942 walimpata Dija.

Figo zake ziliharibiwa na joto na kiu ya lile banda, hazikupona tena. Mwaka 1954 miguu ilianza kuvimba, na kuanzia Juni mwaka huu hakutoka kitandani. Juma lililopita nilimsomea niliyokuwa nimeyaandika. Niliandika kwamba alikuwa mtu wa subira.

"Futa hapo, Dadi," alisema.

"Kaka, watu wote wanasema hivyo."

"Aliyesubiri ni yule aliyeweza kuondoka akakaa. Mimi nilifungiwa. Andika nilifungiwa."

Nimeandika. Alifariki jana, Ijumaa, baada ya alfajiri, akiwa na miaka arobaini na mitano. Ameacha mjane, Bi Ashatu, watoto watatu, Rehani, Mwaija na Dija, wajukuu wawili, mimi mdogo wake, na Bwana Mtoro, aliyemwosha kwa mikono yake.

Ewe Mola, mpanulie kaburi lake, na umpumzishe kwa amani. Amina.