Binti Chemchemi Chini ya Zege

Wasikilizaji wapendwa, naomba dakika chache za utulivu. Jumanne iliyopita alifariki mchoraji wa vitabu vya katuni tuliyemjua kama Fundi Wino. Narudia: Fundi Wino, aliyetuchorea Binti Chemchemi, hatunaye tena.

Kwa miaka kumi na minne alichorea katika chumba kimoja, juu ya mitambo ya kuchapa. Sakafu ilitetemeka mchana kutwa. Dirisha lilipigiliwa misumari, upepo usije ukapeperusha karatasi. Humo alinawa mikono, akasali, ndipo akashika kalamu.

Dada yake aliwahi kumuuliza, "Kaka, wewe mtu wa sala, mbona unachora mizimu?"

"Binti huyu si wa kuabudiwa, dada'angu. Ni maji yanayomsifu aliyeyaumba. Ukiyaziba, umeziba sala."

Mnaikumbuka hadithi yenyewe. Tajiri alifunika chemchemi kwa zege ili ajenge kiwanda. Binti, roho ya maji hayo, akabaki chini. Mto ukakauka, ndege wakahama. Kila mwezi, katika kila toleo, aligonga, na kila mwezi zege halikupasuka. Watoto waliandika barua: "Mtoe, atakosa pumzi!"

Fundi Wino alitaka kumtoa. Alitaka hilo tu. Lakini kwa mkataba, michoro yote ni mali ya mchapishaji, na mchapishaji alikataa.

"Akitoka, nani atanunua toleo linalofuata?"

"Bosi, miaka kumi na minne chini ya zege! Hata jela kuna msamaha."

"We chora, Fundi. Ya kutoka niachie mimi."

Hakumwachia. Mwaka jana, tayari akiwa mgonjwa, alichora ukurasa wa mwisho, akamwonyesha dada yake, kisha akaupeleka kazini. Mchapishaji aliufungia kabatini. Umo humo hadi leo. Familia hairuhusiwi kuuchapa popote.

Kuusimulia, hakuna aliyekataza. Dada yake amenieleza kila mstari, nami nawaeleza ninyi.

Zege limepasuka katikati. Maji yamefuta mistari ya visanduku vya picha, yamejaa ukurasa mzima. Binti amesimama juani, nywele zinachuruzika. Amefumba macho. Anapumua.

Ametoka, wasikilizaji wapendwa. Narudia: ametoka.

Dada, pole sana wewe na wanao kwa kuondokewa na mjomba wao. Mungu ampokee mja wake. Nasi tujiulize, kila mmoja pale alipo: chini ya sakafu ninayoikanyaga, nimefunika nini ambacho Mungu alikiacha kitiririke?