Kupokea Barua Si Kukiri

Mheshimiwa Mwakilishi wa Gavana. Hajj Shawqi, Mwenyekiti wa Chama cha Mafundi Samani. Ustadha Fawqiyya, mwalimu wetu. Wahitimu wenzangu thelathini na mmoja. Ndugu wageni waalikwa. Na wewe Usta Rashwan, fundi wa viti, uliyekaa safu ya nyuma karibu na mlango ukidhani sikuoni: salamu kwenu nyote.

Nimepewa dakika kumi nishukuru kwa niaba ya darasa letu la misingi ya kodi. Nitashukuru. Lakini mniwie radhi, nimekuja na hasira, na sababu ya hasira yangu iko pale nyuma inakula mishabbik, vitamu vya sherehe yetu. Leo ni Alhamisi, tarehe nne Desemba. Ofisi ya kodi inafungwa saa nane mchana, na sasa ni saa sita na nusu. Usta Rashwan asipotia saini pingamizi lake kabla ya saa nane, karakana iliyofunguliwa na baba yake, inayowalisha mabinti zake wanne, itadaiwa kodi ya faida ambayo hajawahi kuitia mfukoni, na hataruhusiwa tena kubisha.

Ilikuwa hivi. Jana alasiri nilipita kwake kuazima randa, nikamkuta anacheka peke yake.

"Sitt Inshirah," akaniambia, "nyie mmesoma kodi miezi minne. Mimi nimeishinda kwa dakika moja."

"Umeishindaje, Usta?"

"Mutawalli wa posta kaniletea barua yao ya rejista. Nikamwambia, mwanangu, andika sipo. Akaandika. Barua ikarudi kwa wenyewe. Sasa wasiponipata watamtoza nani? Ukuta?"

"Aliileta lini?"

"Aa, siku nyingi. Ile Jumanne waliyotukatia maji."

Jumanne ile ilikuwa tarehe nne Novemba. Nilihesabu kwa vidole, nikahesabu tena kwenye kalenda yake mwenyewe iliyotundikwa juu ya makopo ya varnishi. Siku thelathini za kupinga zinaisha leo. Nikamwambia. Akanipa randa, akasema, "Mama, nenda kaparuze mbao zako."

Ndugu zangu, ni nani humu ukumbini ambaye hajawahi kumwambia Mutawalli aandike "hayupo"? Inueni mikono. Hakuna? Basi nainua wangu, maana nimefanya hivyo mara mbili. Mutawalli ni mtu mwema. Anatufanyia hisani, anakunywa chai yake, anaondoka. Mtaa mzima tunapima ubao kwa nusu milimita, halafu barua inayoweza kutufilisi tunairudisha bila kuifungua, na jioni tunajisifu barazani! Nani alituambia kwamba barua uliyoikataa haikufika? Ustadha alitusomea sheria neno kwa neno: ukiikataa, inahesabiwa umeipokea siku ile ile. Tofauti ni kwamba aliyeipokea anajua kilichoandikwa ndani.

Na ndani kumeandikwa nini? Asubuhi hii Ustadha alikwenda ofisi ya kodi na Umm Samah, mke wa Usta, wakaoneshwa nakala. Kiangazi kilichopita ofisa mmoja alisimama mlangoni pa karakana, akahesabu mashine tatu, akaondoka. Hakuuliza lolote. Mashine ya kukereza haijazunguka tangu afe kaka yake Usta; hata mkanda wake umekatika. Lakini ofisa huyo amekadiria faida ya mashine tatu zinazofanya kazi mwaka mzima: pauni laki moja na themanini elfu! Nakuuliza, mheshimiwa, huyo ofisa alishindwa nini kuingia ndani? Alishindwa kuuliza "hii inafanya kazi?" Maneno matatu hayo ni mazito kwa mtu anayelipwa mshahara kwa kodi zetu? Na barua yenyewe, iliyoandikwa kwa lugha ambayo sisi tuliomaliza sekondari tunaisoma mara tatu, kwa nini haisemi juu kabisa, kwa herufi kubwa, "Una siku thelathini za kukataa"?

Sasa nimgeukie Mwenyekiti wetu. Namsifu Hajj Shawqi kwa ukarimu wake. Tulipoomba mahali pa kusomea, alitupa stoo ya gundi, na kweli hakuna mwanafunzi aliyesinzia, kwa sababu harufu ile haimruhusu mtu kufumba macho. Ukumbi huu wenye mazulia ulikuwa na shughuli zake. Alituambia pia, mbele ya watu, "Fundi anahitaji mikono, kodi tumwachie mhasibu." Mhasibu yupi, Hajj? Yule anayenakili hesabu za karakana moja akazipeleka kwa majina ya karakana arobaini? Huyo ndiye tumkabidhi nyumba zetu?

Mimi mwenyewe niliingia darasani nikijiona mjuzi. Binti yangu alipoolewa nilimtengenezea chumba kizima cha kulala, kitanda cha mbao ngumu za zani na kabati la milango sita, na risiti za mbao nikaziandika matumizi ya karakana yangu. Ustadha akaniuliza, "Kitanda hicho kalalia mteja?" Darasa likacheka. Nikabisha kwa nusu saa. Mwishowe nikaelewa kwamba mfuko wa nyumba na mfuko wa karakana ni mifuko miwili, na kwamba ningejua hivyo mapema, ningepanga harusi ile kwa namna nyingine na ningelala usingizi. Elimu hii haihusu kuogopa serikali. Inamwezesha mtu kuamua leo lipi anunue, lipi aandike, lipi akatae, na kwa nani.

Ustadha Fawqiyya, ulifanya kazi ofisi ile ya kodi miaka thelathini. Ungeweza kustaafu ukanywa chai yako kimya. Umekuja kutufundisha namna ya kuwajibu waliokuwa wenzako, na hukutuomba hata nauli. Tunakushukuru.

Nakusikia, Usta Rashwan. Sema kwa sauti, watu wasikie. Unasema, "Nikisaini nimekiri." Haya! Hilo ndilo neno linalotuua mtaani kwetu. Baba zetu walilisema, sisi tumelirithi pamoja na misumeno yao. Sikiliza. Ukitia saini kwa Mutawalli, umesema tu kwamba barua imefika tarehe fulani. Hukukiri hata nusu pauni. Na saini ninayokuomba leo, Usta, imeandikwa juu yake: sikubali. Unayekubali ni wewe unayekaa kimya hapo! Ukinyamaza mpaka saa nane, umekiri kila mashine, kila pauni, na mkanda uliokatika umeukiri pia. Umewahi kumruhusu mteja akuambie kiti chako kina miguu mitatu, ukatikisa kichwa? Basi kwa nini unamruhusu mtu ambaye hata ndani kwako hakuingia?

Pingamizi limejazwa, analo Umm Samah, huyo aliyekaa ubavuni kwako. Picha ya mashine iliyokufa imeambatanishwa. Kumebaki jina lako tu, na lazima uliandike mbele ya karani, hakuna wa kukuandikia. Hajj Shawqi, naomba ufunguo wa gari la Chama. Hapana, Hajj, si baada ya chakula. Sasa hivi. Asante. Nakushukuru kwa dhati, na safari hii sikutanii.

Wahitimu wenzangu, nilikuwa na kurasa mbili zaidi. Ameinuka. Tafadhali msimpigie makofi, mtamfanya asimame awapungie mkono, mpisheni mlangoni. Wewe Ustadha, twende naye, karani wao anakujua. Vyeti tutavikuta tukirudi.

Nawashukuru kwa kunivumilia na kunisikiliza. Usta, fungua mlango, usivute, sukuma!