Mlango Uliotangulia Nyumba

Leo, tarehe 31 Julai 1967, Bwana Phineas Ndirangu, fundi seremala wa shule yetu, anastaafu baada ya utumishi wa miaka ishirini na tisa. Kila aliyesoma hapa tangu mwaka 1938 amekalia kazi ya mikono yake, hata kama hakulijua jina lake. Wengi wetu hatulitumii hata sasa. Kwetu yeye ni Bwana Fundi.

Alizaliwa Nyeri, akajifunza useremala misheni, akaletwa Lamu akiwa kijana ili atengeneze madawati kwa muhula mmoja, kisha arudi. Madawati yalipokwisha, bawaba za madirisha zilikuwa zimeliwa na chumvi. Madirisha yalipokwisha, mchwa walikuwa wameingia katika rafu. Bwana Fundi husema kwamba hakuajiriwa na serikali, aliajiriwa na mchwa, na kwamba hao ni waajiri waaminifu, hawajamkosesha kazi hata siku moja.

Rafu za maktaba ni zake. Nguzo ya kengele ni yake. Ubao wa darasa la saba, ule wenye tundu dogo pembeni, ni wake pia, na tundu lile analikana mpaka leo. Mwanafunzi akivunja dawati, Bwana Fundi hamgombezi. Humkalisha kwenye karakana ashike upande mmoja wa msumeno, na maswali huanza. Kwa nini mbao hupasuka hapa na si pale? Kwa nini kiti cha miguu mitatu hakiyumbi? Wengine tumetamani kuvunja kitu ili tuulizwe.

Mafundi wa mjini, ambao milango yao huchongwa maua toka juu hadi chini, walimtania tangu siku za kwanza. Milango ya Bwana Fundi ni mbao tupu, imara, bila nakshi. "Milango yako ina upara," walimwambia. Alijibu kwamba upara haushiki vumbi.

Miaka yote hiyo yeye na mkewe, Bi Wamuyu, waliishi katika nyumba ya wafanyakazi nyuma ya jiko la shule. Nyumba yao wenyewe hawakuwa nayo. Nyeri ndugu walikwisha kugawana shamba, na watoto wa wawili hawa wana kazi zao Nairobi na Thika. Kwa hiyo wakaamua kubaki Lamu, na mwezi wa Februari mwaka huu Bwana Fundi akanunua nyumba kwa mara ya kwanza maishani. Ni nyumba ndogo ya mawe, mtaa wa Langoni, na muuzaji ni Bwana Bwanamkuu, mfanyabiashara wa nguo. Mashahidi walikaa, Fatiha ikasomwa, kahawa ikanywewa. Wazee wakasema Bwanamkuu akishahama ndipo nyumba itakabidhiwa.

Bwana Fundi alisikia vizuri. Lakini kwao mtu hujenga nyumba mpya akaingia, hangoji mtu mwingine atoke. Alidhani kuhama ni kazi ya jioni moja, kubeba masufuria na vitanda tu. Mlango wa nyumba yake alikwisha kuutengeneza siku nyingi, wa mti mgumu wa mbambakofi, akiuficha karakanani nyuma ya mbao. Asubuhi iliyofuata akauchukua, wanafunzi wanne wakamsaidia kuubeba, wakafika Langoni, naye akaanza kufungua bawaba za mlango wa zamani.

Bwanamkuu alitokea na hamri mkononi.

"Bwana Fundi, ngoja basi tumeze! Ama yeo watuhamishia baharini?"

Majirani walicheka mpaka wakatoka vibarazani. Mlango ukarudi shuleni, ukaegemezwa ukutani nje ya maktaba. Bi Wamuyu alimwambia mbele yetu: "Umezeeka ukiwatengenezea watu milango, na wa kwako umewaachia watoto wa shule waupigie mpira." Hilo la mpira, kwa masikitiko, ni kweli.

Basi Bwana Fundi akaanza kuuliza, maana kuuliza ndiyo tabia yake. Mbona Bwanamkuu hahami? Bwanamkuu akasema amekwisha kununua nyumba Mkomani, karibu na dada yake, lakini aliyemo bado hajatoka. Aliyemo ni Bwana Kamaludin, mchonga milango. Bwana Fundi akaenda kwa Kamaludin. Mbona huhami? Kamaludin akasema mkewe amepewa na wazazi wake orofa ya juu ya nyumba yao, kama binti wa Lamu apewavyo, ila katika orofa hiyo anakaa shangazi yake, Bi Radhiya, na mumewe mgonjwa. Walikuwa wahamie kisiwa cha Ndau kwa mtoto wao wa kiume baada ya Idi Kubwa. "Ndia ni moja, Bwana Fundi," akasema Kamaludin. "Wa mbele akisimama, sote twasimama."

Jambo hili lilitushangaza na sisi. Ukipita Langoni unaona kuta tu, kila moja imeegemea mwenzake, na hujui kwamba watu waliomo ndani nao wameegemeana hivyo hivyo.

Idi ikapita. Mwisho wa Aprili Bwana Fundi akaamua kwenda mwenyewe mpaka kwa Bi Radhiya. Alikuwa na maneno yake tayari. Akaketi kwenye daka, ile baraza ya mlangoni, akabisha hodi. Umi, binti wa Bi Radhiya, akajibu kutoka ndani bila kufungua. Baba yake alikuwa amefariki wiki ile.

"Mama asema umsamehe, Bwana. Si ukaidi. Yumo edani."

Mjane akiwa katika eda hatoki nyumba aliyofiwa mpaka muda wake utimie, na muda wa Bi Radhiya utatimia Septemba. Bwana Fundi, ambaye ni mtu wa kanisa, alilijua neno lile kwa kulisikia tu. Akasema, "Mwambie Bi pole sana. Mimi nimekuja kutazama komeo." Umi akashangaa amejuaje kwamba komeo limelegea. Hakujua. Lakini komeo la Lamu lililo karibu na bahari halikosi kulegea, na alilitengeneza pale pale, kwa upande wa nje.

Tatizo likabaki. Nyumba ya wafanyakazi lazima ikabidhiwe leo. Fundi mpya, Bwana Crispus, alifika juma lililopita na mkewe na watoto, na wamelala ghala la vitabu wakingoja. Kwa hiyo Bwana Fundi angestaafu leo bila pa kulala. Watu wakamshauri avunje mauzo atafute nyumba iliyo tupu. Akivunja yeye, Bwanamkuu hawezi kuichukua nyumba ya Mkomani, na Kamaludin hawezi kuondoka. Wengine wakamshauri awatume wazee wakamsemeshe Bi Radhiya ahame mapema. Hapo tulimwona akikasirika, jambo la nadra. "Komeo la mama yule nimelifunga kwa mikono yangu," alisema. "Nitakwendaje tena kumwambia afungue atoke?"

Maneno hayo yalifika Langoni kabla ya adhuhuri. Bwanamkuu akaja shuleni, mara yake ya kwanza, akamkuta karakanani.

"Nyumba si yako, Phineas? Njoo ukae. Sabule i wazi."

Sabule ni chumba cha wageni karibu na mlango, ambako mwanamume mgeni hukaa bila kupita walipo wanawake. Bwana Fundi akauliza kama mtu aweza kuwa mgeni katika nyumba yake. Bwanamkuu akasema atakuwa mgeni wake, naye Bwanamkuu atakuwa mpangaji wake, na kahawa itapikwa na yule atakayeamka mapema.

Vyombo vya Bwana Fundi na mkewe vilihamia jana. Bi Wamuyu amekwisha kufika mpaka jikoni na anajua kila kidaka cha kuwekea vyombo ukutani. Bwana Fundi hajapita sabule. Anasema yeye ndiye mtu wa kwanza Lamu kununua nyumba na kuhadithiwa na mkewe ilivyo ndani.

Limebaki jambo la mlango. Kamaludin, kwa kuona haya kuwa yeye ni mmoja wa waliomchelewesha mwenziwe, alianza mwezi wa Mei kuja hapa kila Alhamisi jioni na patasi zake. Ua la kwanza alilichonga juu kabisa. Kila alipokuja, sisi tusomao maktaba jioni tulitoka na vitabu vyetu kumtazama, na Bwana Fundi alimsimamia begani akiuliza: kwa nini patasi hii, kwa nini kuchonga kufuata nyuzi za mti? Tulipotaka kujua Bwana Fundi amengoja kiasi gani, tulitazama maua yameshuka mpaka wapi. Sasa yamekaribia chini. Kipande cha mwisho kimeachwa mbao tupu kwa ombi la mwenye mlango, ili upara usisahauliwe.

Bwanamkuu mwenyewe ameomba mlango utiwe leo, wala isingojwe Septemba. Baada ya chai tunawaomba wenye mabega wabaki waubebe mpaka Langoni, maana ni mzito kuliko ulivyokuwa Februari, ingawa Kamaludin ameupunguza mbao. Bwana Fundi ametengeneza funguo mbili, na mmoja atampa Bwanamkuu.

Bwana Fundi, ahsante kwa kila tulichokalia, tulichofungua na tulichofunga. Mungu akupe wewe na Bi Wamuyu afya na miaka mingi ya kuizoea nyumba yenu, kutoka sabule mpaka chumba cha ndani kabisa.