Mzee Nshombo, Baba kwa Kipimo cha Mate

Ndugu mliotoka Columbus na Buffalo, nanyi wa hapa Louisville, tulieni tumsindikize Mzee Deogratias Nshombo. Tumefundishwa tusimseme vibaya marehemu. Hatutamsema vibaya, tutamsema alivyokuwa.

Alizaliwa tarehe 3 Mei 1953 huko Kaziba, Kivu ya Kusini. Alisoma shule ya misheni hadi darasa la sita, akajaliwa mwandiko mzuri hata vijana wakawa wanamnunulia bia awaandikie barua za uchumba. Ya kwake mwenyewe alimpelekea Goreth, wakafunga ndoa kanisani Julai 1982. Mtoto wao wa pekee, Alliance, alizaliwa tarehe 12 Februari 1984.

Goreth alifariki kwa homa ya matumbo mwaka 1986. Nshombo akaenda Kamituga kuchimba dhahabu, akaaga kwamba atarudi kabla ya mavuno. Alikuwa mchangamfu, mpiga gitaa, mtu asiyegombana na yeyote. Alimwacha binti wa miaka miwili, na alipomwona tena binti alikuwa mtu mzima. Kuzaa si kazi, kazi ni kulea, na kazi hiyo aliifanya Nzigire, dada mkubwa wa Goreth, ambaye hakujaliwa mtoto. Vita vilipowatoa Kaziba, Alliance akiwa msichana mkubwa aliyeugua njiani, ni Nzigire aliyembeba mgongoni hadi miguu ikamvimba, na baadaye wakavuka pamoja kuingia kambi ya Nakivale, Uganda.

Kwetu mama mkubwa ni mama, wala hana jina jingine. Lakini siku ya mahojiano ya kuja Amerika, mwaka 2007, Nzigire alimkataza Alliance kumtaja hivyo. Alisema mtu hamwibii aliyekufa mtoto wake. Goreth atajwe, asije akasahaulika. Alliance akatii. Afisa akaandika kwamba mama amefariki, na Nzigire akamwandika kwa lile neno la Kiingereza lisilotenganisha mama mkubwa na shangazi. Waliodanganya siku ile walipanda ndege na mama zao. Alliance alipanda peke yake.

Alipopata uraia mwaka 2014, aliomba kumleta mama yake. Akajibiwa kwamba huyo si mama kwa sheria, ila baba mzazi angeweza kumleta. Ndipo marehemu alipotafutwa, akapatikana Bukavu, akapimwa mate, na mate yakathibitisha ubaba ambao yeye mwenyewe hakuwahi kuuthibitisha. Walikubaliana hivi: amwoe Nzigire kwanza, aje, kisha amwombee mkewe viza. Ndoa ilifungwa Mbarara Januari 2015. Marehemu alitua Louisville tarehe 18 Agosti mwaka huohuo, na Alliance akampa chumba chake kule Newburg, yeye akalala sebuleni.

Zilibaki karatasi za kutiwa sahihi, na hakuna mwingine aliyeweza kuzitia. Marehemu alisema apumzike kwanza. Kisha alisema baridi ipite. Alikwenda Reynoldsburg, pembeni mwa Columbus, kwa mpwa wake Bahizire, akafurahiwa na watu wa kanisa, akakaa miezi mitatu. Alipofuatwa huko alikwenda Buffalo, East Side, kwa rafiki yake wa zamani, akapiga gitaa kwenye kwaya. Alliance alimfuata kila mji kwa basi, akitoka zamu kiwandani, na bahasha ya karatasi hizo mkobani. Bahizire ndiye aliyemuuliza mzee sababu.

Akajibu, "Bon, nikisha kusinye karatasi, nani atanitafuta tena? Hata baba haniitake. Ananiita mzee, kama watu wa njiani."

Alisema kweli. Alliance alimheshimu, alimpikia bugali, alimnunulia koti la manyoya, ila neno lile lilikataa kutoka. Lilikuwa halina mwenyewe tangu akiwa na miaka miwili, na hakujua kulitamka bila kusema uongo.

Moyo wa marehemu ulianza kuchoka Septemba 2016. Alilazwa hospitalini Buffalo tarehe 17 Oktoba, na Alliance akafika kesho yake. Alimlisha uji, akamnyoa ndevu, akakaa naye siku mbili bila kuitaja bahasha. Tarehe 20 jioni akatoa bahasha na kalamu ya biki, akamshika mkono.

"Baba," akasema, "sinye basi. Mama anazeeka."

Marehemu alitabasamu.

"Leo niko baba juu ya biki," akasema. "Donc ngoja kesho. Kesho uniite bila biki."

Akageukia ukutani. Alifariki alfajiri ya Ijumaa, tarehe 21 Oktoba 2016. Tangu hapo binti yake amemwita baba mara nyingi. Alimwita kwenye gari lililoleta mwili, amemwita leo asubuhi mbele yetu sote, na hakuna kalamu yoyote mkononi mwake.

Ameacha mtoto mmoja, Alliance. Mpwa mmoja, Bahizire. Na mjane mmoja, Nzigire, mwenye umri wa miaka sitini na tisa, ambaye hana tena mtu wa kumwombea. Alipopigiwa simu Nakivale na kuelezwa yote mawili, kifo na karatasi, hakuuliza lolote kuhusu karatasi. Alimuuliza Alliance, "Ulisha kula, mwanangu?"

Mzee Nshombo, pumzika kwa amani, baba.