Fundi Aliyekwenda Mwezini kwa Kabati

Usiku wa kuamkia tarehe 9 Machi 2024, mimi na wifi yangu tulikaa kwenye benchi nje ya wodi, macho mlangoni, tukingoja habari za mdogo wangu. Wifi akaninong'oneza, "Angekuwa hapa nje na sisi, angeshatuchekesha." Ni kweli, na ndivyo ninavyotaka mumkumbuke.

Marehemu alizaliwa tarehe 2 Juni 1979, kitindamimba wa baba fundi cherehani na mama muuguzi. Utotoni, kabati la nguo la mama lilikuwa chombo chake cha kwenda mwezini. Mimi nilibaki duniani, nikigonga kila mara: "Umefika?" Naye hujibu, "Dada, bado. Niache niendeshe."

Alimaliza sekondari mwaka 1997, akajifunza useremala, na akafanya kazi kwenye karakana ya samani mpaka alipougua. Jioni alikuwa mwigizaji. Mwaka 2010 alitunga igizo la mtu mmoja, la kaka aliyerushwa angani na dada aliyebaki akimngoja. Akivaa sufuria kichwani, ni kaka. Akijitanda mtandio, ni dada, tena mwenye wasiwasi kunishinda. Aliwasha tochi nyuma ya chujio, dari ikajaa nyota. Chombo kilikuwa kabati alilolitengeneza kwa mikono yake.

Onyesho la kwanza, kaka alipotakiwa kurudi duniani, mlango ulikwama kweli. Nilimsikia akigonga. Nilipanda jukwaani mbio nikauvuta. Akatoka, sufuria imekaa upande, akasema, "Dada, umechelewa." Ukumbi ulilipuka kwa makofi, watazamaji wakidhani ndivyo ilivyopangwa.

"Fundi mzima unafungiwa na kabati lako?" nilimuuliza baadaye.

Hakuurekebisha ule mlango. Tangu hapo alijifungia humo na kungoja mtazamaji yeyote aje amfungulie. Nilikuwa nikihofia kwamba siku moja hatapanda mtu. Walipanda siku zote. Onyesho la pili alipanda mshonaji wa mapazia ya ukumbi, na mwaka 2012 wakafunga ndoa.

Figo zilianza kumsumbua mwaka 2022. Alfajiri ile ya tarehe 9 Machi mlango wa wodi ulifunguliwa, akatoka daktari peke yake.

Ameacha mke, mwana mmoja, binti mmoja, na mimi dada yake. Jana binti alijifungia katika kabati lile la baba yake. Nami, kama kawaida yangu, nikaukimbilia mlango.

"Shangazi, bado," akasema kutoka ndani. "Niache niendeshe."

Nikaurudisha mkono wangu.

Mdogo wangu, pumzika kwa amani. Mlango tumeuacha umefungwa; kuna mtu safarini.