Simba Aliyetuchungulia Kisimani

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Asifiwe tena, maana kwangu mimi mara moja haitoshi!

Wengi hapa mnanijua. Mimi ni Rebeka, mke wa Elia mwashi. Elia mwenyewe yule pale upande wa wanaume, anatazama vidole vyake vya miguu. Hapendi kusemwa mbele za watu. Leo atavumilia. Na ninyi wageni mjue kwamba sisi Marafiki tunamwabudu Mungu kwa kukaa kimya, na husimama kusema yule tu aliyesukumwa na Roho. Tangu asubuhi nimejizuia, nimeshindwa. Nisiposema nitapasuka!

Nilizaliwa huku huku upande wa Ilongero, katika nyumba ya tembe, baba yangu mfugaji. Nilikuwa na mdomo! Baba alikuwa akisema nilitoka tumboni nikibishana na mkunga. Na kila neno langu lilikuwa na kiapo. Haki ya Mungu, chumvi imekwisha. Radi inipige, mbuzi wamerudi. Nilikuwa sijui kwamba mtu wa kuapa-apa anawaambia watu kuwa neno lake tupu halina uzito.

Elia alikuwa amekwenda Kenya kufyatua matofali. Akarudi na mwiko wa uashi, na dini ambayo hatukuwahi kuisikia. Hakuna ngoma, hakuna nyimbo, hakuna padre. Watu wanakaa chumbani, wanafumba macho, wanamngoja Mungu. Nilicheka mpaka nikashika mbavu! Jumapili ya kwanza nilikwenda kwao ili nipate cha kusimulia kisimani. Nikakaa. Nikangoja waanze, kumbe walikwisha kuanza. Kimya kile kikaingia mpaka ndani yangu, nikausikia moyo wangu, na niliyoyasikia humo hayakunipendeza hata kidogo. Nililia siku ile bila kupigwa na mtu. Basi nikampenda Bwana. Na kwa kuwa huu ni ushuhuda nisifiche, nikampenda na Elia! Wazee wakakaa, ng'ombe wa mahari wakaletwa, tukaambiwa tutaoana baada ya mavuno.

Ndugu zangu, mavuno hayakuja. Mvua ilinyesha kidogo tu, ikakatika. Uwele ulikauka ukiwa urefu wa goti. Ng'ombe walianza kuanguka wakiwa malishoni, na wanyama wa porini nao wakakosa chakula, wakasogea karibu na watu. Simba akaanza kuua.

Ninyi vijana mnasikia habari za zamani zile kama hadithi, lakini sisi tuliziishi. Watu waliamini kwamba simba anayeua mtu si simba wa Mungu. Ni simba wa mtu, ametumwa na jirani mwenye chuki. Kwa hiyo kila aliyeuawa, watu hawakuuliza simba kapita wapi. Waliuliza nani kamtuma.

Jumapili moja simba alimwua mke wa Msengi akiokota kuni. Msengi alikuwa jirani yetu, mtu mwema, na huyo mke alimpenda sana. Uchungu ukamgeuza. Akauliza, mke wangu alipokuwa akiliwa, nani walikuwa wamejifungia ndani, wamefumba macho, hawasemi? Ni wale wa Elia! Mtu mzima akae saa nzima bila kusema neno, anafanya nini kama si kutuma simba? Na kijiji kizima kikaona, ala, ndivyo ilivyo!

Tuliteswa, ndugu zangu. Tembe tuliyokutania ilitobolewa paa. Nikienda kuomba moto kwa jirani, naambiwa moto umezimika huku nauona unawaka. Mama yake Msengi, bibi mmoja mkali ambaye nilimwamkia kila siku ya maisha yangu, nilimwambia shikamoo, akageuza uso. Kwetu mzee asipoitikia shikamoo yako, amekuzika.

Jumatatu ya wiki iliyofuata walimkamata Elia, wakamfunga mikono kwa kamba ya ngozi, wakampeleka barazani kwa jumbe, mkuu wa kijiji. Desturi ya baraza letu ilikuwa hii: mtu akishtakiwa habari za simba, anashika mkuki na kuapa, nikisema uongo, simba anile. Akiapa, anaachiwa, simba ataamua mwenyewe. Asipoapa, amekiri. Atapandishwa lori la serikali mpaka bomani Singida, kwa Bwana Shauri, Mzungu mkuu wa wilaya, na tulikwisha kusikia kwamba wa kesi hizo walikuwa wakinyongwa.

Jumbe akampa Elia mkuki. Elia akasema, "Sikutuma simba. Lakini siapi. Neno langu ni hilo hilo, nikiwa na mkuki au nisipokuwa nao." Jumbe alimsihi kama mwanawe. Elia akatikisa kichwa.

Mimi ningeweza kukaa? Nilipasua watu nikaunyakua mkuki ule! Nikapaza sauti, "Jumapili ile tulikuwa naye tangu asubuhi! Hakutoka mlangoni hata hatua moja! Nikisema uongo, simba anile!" Nikamwona jumbe anapumua, nikajua amepata njia ya kumwachia. Nikasema moyoni, ahsante Mungu, mchumba wangu amepona.

Elia akainua kichwa. Akasema taratibu, "Rebeka, nilitoka. Nilitoka mara moja kumfunga mbuzi aliyekata kamba. Usiniapie uongo."

Ndugu zangu! Ni kweli alitoka! Muda wa kufunga fundo tu, akarudi kukaa. Mimi katika moto wangu nilikuwa nimesahau, au nilitaka kusahau, mpaka leo sijui. Lakini baraza liliwaka. "Alitoka! Amesema mwenyewe! Ndipo alipomfungulia simba wake!" Jumbe akaandika barua kwenda bomani, lori lije keshokutwa. Baba yangu, aliyekuwa pale, akatamka mbele ya watu kwamba uchumba umevunjika na ng'ombe watarudishwa. Na mimi, badala ya kulia, nilimkasirikia Elia! Nilimwambia, "Umejinyonga mwenyewe kwa ajili ya mbuzi?" Nikaondoka bila kumuaga. Nasema haya kwa aibu.

Sasa sikilizeni kazi ya Mungu.

Siku ya pili yake, mchana, jua la utosi, tulikuwa kisimani. Wakati ule wa ukame visima vilichimbwa katika mchanga wa mto mkavu, kina cha watu wawili, na kila siku vinazama zaidi. Mmoja anakaa chini anachota kwa kata, mwingine anasimama katikati kwenye ngazi ya udongo anapokea kibuyu. Chini ndiko kubaya, mchanga unaweza kuporomoka ukakufukia. Wanawake walinituma mimi chini. Sikubishana. Mdomo wangu ulikuwa umekufa.

Nikasikia kelele juu, wa kwenye ngazi akaparamia nje, miguu inakimbia, vibuyu vinapasuka. Kisha mtu akaniangukia, puu! Alikuwa mama yake Msengi. Hakuweza kukimbia, akajitupa shimoni. Nikainua macho. Simba!

Alikuwa amesimama ukingoni, kichwa chake kimeingia kisimani, anatutazama. Mchanga ulikuwa ukidondoka kutoka miguuni pake ukituangukia usoni. Nilisikia pumzi yake, inanuka kidonda. Angeruka mara moja tu, angekuwa nasi. Na papo hapo nikayakumbuka maneno yangu, nikisema uongo, simba anile. Nilikuwa nimesema uongo. Na simba huyo amekuja! Sikuona njia ya kubishana. Nilisema ndani yangu, Bwana, ni haki.

Bibi akafungua kinywa apige yowe. Nikamshika mkono nikamnong'oneza, "Bibi, tunyamaze. Mungu yupo." Kwa nini nilisema hivyo, sijui. Kuomba nisingeweza, nilijiona sina haki ya kuomba. Nilichokuwa nacho ni kimya kile tu nilichofundishwa na Elia. Tukakaa kwenye maji, bibi na mimi, mkono kwa mkono. Na kimya kikashuka. Ndugu zangu, kilishuka! Nimekaa katika ibada miaka yote hii, sijawahi kukutana na kimya kama kile. Hofu ilikuwepo, lakini ilikuwa ndogo, na kitu kingine kilikuwa kikubwa mle shimoni, kikubwa kuliko simba, kikubwa kuliko uongo wangu. Nilijua nimesamehewa kabla ya kujua kama nitapona.

Nikamtazama simba vizuri. Mbavu zake zilikuwa zinahesabika. Na taya lake, ee Mungu, lilikuwa limechomwa miiba ya nungunungu, mirefu, imezama, usaha unatoka! Mnyama yule hakuweza tena kumkamata swala. Alikuwa akila watu kwa sababu watu ni wepesi.

Akatutazama. Akavuta pumzi ndefu. Kisha akageuka, akaenda zake. Njaa anayo, sisi tupo, hatuna pa kukimbilia, akaenda zake! Nani alimwambia aondoke?

Tulikaa muda mrefu bila kutikisika. Halafu bibi akanigeukia, machozi yanachuruzika, akasema, "Marahaba, mjukuu wangu." Hapo ndipo nilipolia.

Tulipanda, tukaenda moja kwa moja barazani, tumelowa, tumejaa mchanga. Elia alikuwa amefungwa kwenye nguzo, anangoja lori la kesho. Bibi akasimama katikati ya wanaume, akasema, "Nimemwona simba kwa karibu kuliko yeyote kati yenu. Si wa mtu. Ana miiba ya nungunungu kwenye taya, amechakaa kwa njaa. Na kimya cha watu hawa nimekikaa. Hamna uchawi humo. Mna Mungu."

Jumbe akachanganyikiwa. Msengi akasema, "Mama, basi shika mkuki uape, ili neno lako lipokelewe."

Bibi akamtazama mwanawe toka juu mpaka chini. Akasema, "Msengi! Nilipokunyonyesha, niliapa kwanza kwamba ni maziwa?"

Msengi, mtu mzima yule, aliyemzika mkewe juzijuzi, alikaa chini kwenye vumbi akajifunika uso. Kisha akainuka, akawaita wanaume, wakafuata nyayo. Jua halijatua walimkuta simba amelala kwenye majabali, wakamwua. Waliporudi, Msengi alikuwa ameshika miiba ya nungunungu mkononi. Hakuwapa watu maelezo. Alikwenda kwenye nguzo, akafungua kamba za Elia kwa mikono yake mwenyewe, na kamba zilikuwa zimeingia kwenye nyama, kwa hiyo alifungua polepole, huku akisema, "Nisamehe, ndugu yangu. Nisamehe." Elia akamwambia, "Pole kwa mke wako, Msengi." Neno la kwanza! Mimi ningeanza na mengine.

Nami nikamwendea Elia mbele ya baba yangu na ya watu wote, nikasema, "Niliapa uongo kwa ajili yako, na wewe ulikuwa tayari kufa kuliko uongo wangu ukuokoe. Naomba unisamehe." Alinishika mkono kwa vidole vilivyovimba. Baba akakohoa, akasema ng'ombe wanaweza kubaki walipo, njaa hii nani ana nguvu ya kuwaswaga. Ndivyo baba yangu alivyotubu.

Ndugu zangu, simba hakuondoka kwa sababu nilikuwa mwema. Nilikuwa mwongo, nimekasirika, nimemwacha mchumba wangu kwenye kamba. Mungu aliniona nikiwa hivyo hivyo. Hilo ndilo linalonishangaza mpaka leo, kuliko simba mwenyewe! Nikichota maji naacha kata, nashangaa. Nikiwaogesha watoto nashangaa. Atukuzwe Yeye!

Labda wewe uliyekaa hapo uko shimoni leo. Umefikiwa, huna pa kupitia, na lililokufikia unajua umelitafuta mwenyewe. Usiongeze uongo ili upone. Usimwahidi Mungu ng'ombe. Mwamini. Mwambie ukweli, kisha nyamaza, umwache afanye yake.

Mimi mdomo wangu umefika mwisho. Nakaa chini. Karibuni, tumngoje Bwana pamoja.