Kumi na Watatu Kati ya Wangapi

Mheshimiwa Mkuu wa Chuo, Ndugu Mhariri wa jarida letu, wakuu wa wodi, walimu wenzangu, wanafunzi, mke wangu, na ninyi nyote mlioitikia mwaliko wa kuniaga:

Kwanza niwieni radhi kwa ukimya wangu. Kwa miaka miwili wengi wenu mmeniandikia mkiuliza jinsi ule mwongozo wa wodi ya wazazi ulivyopatikana, nami sikumjibu hata mmoja. Barua zilifika. Nilizisoma, nikazifungia kabatini.

Mshereheshaji amenisifu kwamba niliwapatanisha wataalamu kumi na wanane wasioweza kukubaliana hata juu ya kufungua dirisha. Mmepiga makofi, nami nikawa nageukageuka kitini kama niliyekalia siafu. Acheni nieleze sababu.

Mwongozo unasema mama aliyejifungua salama aruhusiwe kwenda nyumbani saa sita baada ya kujifungua. Utafiti wa kutosha haukuwapo, kwa hiyo tuliwauliza wataalamu, kila mmoja kwa dodoso lake, kwa duru tatu. Sharti tuliliweka mapema: wakikubali themanini katika kila mia, hayo ndiyo makubaliano. Duru ya pili walijibu wote, wakakubali kumi na watatu, wakapinga watano. Hawakufikia sharti.

Kanuni inataka kila mtaalamu apelekewe hoja za wenzake kabla ya duru inayofuata. Mimi sikuzipeleka hoja za waliopinga. Niliziona ndefu, na kwa kuwa nyingi zilikuwa za wauguzi, niliziona nyepesi. Wanne kati ya wale watano, walipoona dodoso limerudi bila hata neno lao moja, hawakulijibu tena. Tukabaki na kumi na wanne. Wakakubali kumi na watatu, walewale. Nikaandika kwamba wataalamu walikubaliana kwa asilimia tisini na tatu.

Je, hesabu ilikosewa? Haikukosewa. Basi ni nani aliyebadili mawazo? Hakuna. Watu waliondoka, nami nikakuita kuondoka kwao maafikiano.

Mpinzani wa tano, aliyebaki, ni muuguzi mkuu wa wodi hiyo, tunayemwita Mama Saa kwa ile saa anayoibandika kifuani. Ni mdogo wake mke wangu. Jarida lilipotoka alinikuta koridoni.

"Hongera, shemeji. Nimesoma. Wale wanne wamefariki?"

"Wapo. Hawakujibu tu."

"Na umeandika kwamba hawakujibu?"

"Nafasi ilikuwa ndogo."

"Ya kumshukuru mpiga chapa uliipata."

"Wewe nawe, kila kitu kesi."

"Sina kesi na wewe, nina vitanda ishirini na viwili. Wakiniambia saa sita zinatosha, nawatoa. Atakayeanza kuvuja damu saa ya tisa, atavujia kwake, na mimi sitamwona."

Nilimwambia ninawahi kikao. Sikuwa na kikao.

Wanafunzi wangu, mtakapoandika kwamba wataalamu walikubaliana, andikeni pia nani aliwachagua, sharti liliwekwa lini, walianza wangapi na wakamaliza wangapi, na waliopinga walisema nini. Msomaji hakuwamo chumbani. Hana macho ila yenu.

Mheshimiwa Mkuu wa Chuo, juzi ulinishauri kwa upole: "Mzee, pumzika. Yaliyopita si ndwele." Ningekutii, lakini haya hayajapita. Mwongozo umebandikwa ukutani, na asubuhi hii wapo akina mama waliofungishwa virago kwa amri yake.

Kwa hiyo leo, kabla ya kuingia ukumbini, nimemkabidhi Ndugu Mhariri kurasa nne. Zina idadi za kila duru na hoja za wale watano, kwa idhini yao, bila kupunguzwa. Nimeomba zichapishwe, na mwongozo ubanduliwe mpaka wataalamu waulizwe upya. Ameniambia bodi yake itakaa, na kwamba huenda ikaifuta makala nzima pamoja na tuzo ambayo chuo kilipata kwayo. Najua wengine hapa mngependa ningeondoka kimya. Mimi pia nilipenda hivyo, kwa miaka miwili.

Nawashukuru kwa kunivumilia na kunitegea sikio. Bodi ikishaamua, liwe la kunisafisha au la kuniaibisha, nitamwandikia kila mmoja wenu aliyeniuliza.